Audrey Hepburn: mtoto wa njaa aliyepita Kisangani



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu waliojulikana, leo tunamleta mchezaji wa sinema, mwanamke wa Ulaya aliyekufa tangu 1993. Wengine watauliza: juu ya nini yeye, na sisi hapa tuko na mambo ya mashamba, ya makala na ya feza za masomo ya watoto? Jibu linaanzia kwenye kiwanja chetu, siku ile tuligawa mbegu za mahindi na karanga. Mgeni mmoja alitoa kamera apige picha ya mstari. Mama mmoja akafunika uso na kitambaa, akaacha beseni lake chini, akarudi nyumbani bila mbegu. Jioni tulimfuata na sehemu yake. Alitueleza kwamba picha ilikuwa jambo dogo. Kilichomchosha ni kuonekana kila siku kama mtu wa kupewa, wakati mbele ya kukimbia yeye ndiye alikuwa anakopesha wengine mbegu.

Kwenye mkutano uliofuata maneno yalikuwa mingi. Kuna waliosema mwenye kupokea hachagui. Kuna waliosema chama kikatae wageni wote wenye kamera. Ndipo mzee mmoja akatukumbusha kwamba kamera si kitu kipya Kisangani. Alipokuwa mtoto, mji ukiitwa bado Stanleyville, wazungu walikuja kupiga sinema kubwa ya masista, na katikati yao kulikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho makubwa, amevaa kanzu nyeupe ya utawa kwenye jua kali. Tulitafuta huyo alikuwa nani. Jina lake ni Audrey Hepburn. Na tulipoendelea kusoma maisha yake, tukakuta jambo hatukutegemea: mbele ya kuwa nyota, yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kupewa.

Mtoto wa vita

Audrey alizaliwa tarehe 4 Mei 1929 huko Ixelles, mtaa wa mji wa Bruxelles, Ubelgiji, nchi ile ile iliyotutawala. Mama yake alikuwa Mholanzi wa ukoo wa heshima, jina Ella van Heemstra. Baba yake, Joseph Ruston, alikuwa na uraia wa Uingereza. Mwaka 1935 baba aliondoka nyumbani, akawaacha. Mtoto alikuwa na miaka 6. Jambo hilo lilimuumiza maisha yake yote.

Hatutaficha upande mbaya wa hadithi. Wazazi wake wote wawili, mbele ya vita, waliwapenda wafashisti. Mama aliacha mawazo hayo alipoona kwa macho yake kazi ya Wanazi. Baba alifungwa na serikali ya Uingereza wakati wa vita. Mtoto hachagui wazazi, na kwetu hapa tunalijua vizuri, juu ya kuna watoto wa Masako wanaonyooshewa kidole kwa mambo ya baba zao.

Vita vilipoanza 1939, Audrey alikuwa anasoma Uingereza. Mama alimtoa huko akampeleka Arnhem, Uholanzi, akifikiri kwamba Uholanzi haitaguswa. Mei 1940 Wajerumani waliingia. Kwa miaka 5 Audrey aliishi chini ya jeshi la kigeni. Mwaka 1942 mume wa shangazi yake, Otto van Limburg Stirum, alikamatwa pamoja na wengine, akapigwa risasi na Wajerumani. Kaka yake mmoja wa mama, Ian, alipelekwa Berlin kwa kazi ya kulazimishwa. Kaka wa pili, Alex, alijificha ili wasimchukue. Audrey alikuwa anajifunza dansi ya balet, akacheza kwa siri ndani ya nyumba zenye madirisha yaliyofungwa, na feza zilizopatikana zilienda kwa wale waliokuwa wanapigana na Wajerumani kichinichini.

Septemba 1944 vita vikali vilipiganwa ndani ya Arnhem. Nyuma ya vita hivyo Wajerumani walitoa amri watu wote watoke. Mji mzima ulihama kwa miguu, na mikokoteni, na watoto mgongoni. Wengi walipita au walikimbilia Velp, mji mdogo wa karibu, ambako Audrey alikuwa anakaa na mama na babu yake. Waliporudi 1945 walikuta nyumba zimebomoka na vitu vimeibwa mpaka milango. Sisi tuliosoma habari hiyo hapa Masako hatukuhitaji maelezo zaidi. Wale waliokimbia mabomu ya Kisangani ile Juni 2000, na wale walioacha vijiji nyuma ya hapo, wanajua kurudi na kukuta mlango haupo.

Kisha ikaja njaa. Watu wa treni wa Uholanzi walikuwa wamegoma, na Wajerumani kwa kulipiza wakazuia chakula kisifike. Baridi nayo ilikuwa kali. Wanaita wakati ule majira ya baridi ya njaa, 1944 mpaka 1945. Watu karibu 20,000 walikufa. Watu walikula vitunguu vya maua, yale maua ya tulipe ambayo nchi ile inauza duniani. Audrey alipata upungufu wa damu, ugonjwa wa umanjano, na miguu kuvimba kwa kukosa chakula. Bamama wetu wanaofanya kazi kwenye kituo cha lishe wataitambua dalili ile ya miguu: kidole ukiibonyeza, shimo linabaki.

Velp ilikombolewa katikati ya Aprili 1945. Nyuma ya askari yakaja magari ya UNRRA, shirika la Mataifa ya Muungano lililosaidia nchi zilizoharibiwa na vita. Walileta unga, maziwa ya kopo, sukari, mablanketi. Audrey alikula uji wenye sukari nyingi mpaka akaugua, juu ya tumbo lililokauka halipokei chakula kingi mara moja. Wengine wanaandika kwamba ilikuwa UNICEF. Hapana, UNICEF ilianzishwa Desemba 1946, ikaendeleza kwa watoto kazi ile ya UNRRA. Kwa hiyo aliyemlisha Audrey alikuwa kama mzazi wa UNICEF. Tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa Mei 4, na Uholanzi ilikuwa huru kabisa siku moja nyuma ya hapo. Alitimiza miaka 16 akiwa amekonda, akiwa hai. Kaka Ian naye alirudi.

Kutoka dansi mpaka Roma

Nyuma ya vita mama na mtoto walienda Amsterdam, na 1948 Audrey akaenda London kusoma balet kwa Marie Rambert. Hapo aliambiwa ukweli mchungu: alikuwa mrefu, na mwili wake, uliokosa chakula wakati wa kukua, hautakuwa na nguvu za mchezaji wa mbele. Ndoto yake ya kwanza ilivunjika kwa sababu ya njaa. Tungependa wanachama wakumbuke hapo. Njaa ya mtoto haiishi siku chakula kinafika. Inaendelea kudai deni lake miaka mingi.

Alihitaji mkate, basi akaingia kwenye michezo ya jukwaa ya London kama mmoja wa wasichana wa kucheza nyuma, kisha akapata sehemu ndogo ndogo za sinema. Mwaka 1951 alikuwa Monte Carlo kwa sinema moja ndogo, na mwandishi mkubwa wa Ufaransa, Colette, alimuona akasema ndiye anayefaa kucheza Gigi, msichana wa kitabu chake. Novemba mwaka ule ule alikuwa jukwaani New York kama nyota.

Sinema iliyomfanya ajulikane duniani ni Roman Holiday, ya 1953, iliyopigwa na William Wyler ndani ya mji wa Roma. Audrey ni binti wa mfalme aliyechoka na sherehe. Anatoroka usiku, anakutana na mwandishi wa gazeti, Gregory Peck, wanatembea mji mzima siku moja, kisha anarudi kwenye kazi yake juu ya amejua wajibu ni nini. Peck alikuwa nyota tayari. Lakini alipoona kazi ya msichana huyu aliomba jina lake liandikwe kubwa sawa na lake. Mwaka 1954 Audrey alipata Oscar ya mchezaji bora mwanamke. Mwaka ule ule akapata zawadi ya Tony kwa mchezo wa jukwaani, Ondine. Alikuwa na miaka 24.

Hepburn wawili, na mashua ya Ruiki

Hapa tusimame kidogo, juu ya wazee wetu wanachanganya. Kuna Hepburn wawili, na wote wawili walifika mkoa wetu. Hawakuwa ndugu.

Wa kwanza kufika alikuwa Katharine Hepburn, Mmarekani. Mwaka 1951 alikuja na Humphrey Bogart na mkubwa wa sinema John Huston kupiga The African Queen, hadithi ya mashua ya zamani na watu wawili wanaobishana ndani yake. Walikaa Biondo, kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, tunapoita leo Ubundu, kisha wakaendelea Uganda. Watu wengi wa kundi waliugua matumbo kwa maji mabaya. Bogart na Huston, wanavyosimulia, walibaki wazima juu ya walikunywa wiski kuliko maji. Bogart alipata Oscar yake moja tu ya maisha kwa sinema ile. Kwa hiyo mto wetu wa Tshopo ulimpa mtu zawadi, na mto haukupata kitu.

Audrey alikutana na Bogart huyo kwenye sinema yake iliyofuata, Sabrina, ya Billy Wilder, 1954, pamoja na William Holden. Ni binti wa dereva wa matajiri, anayependa mtoto wa bosi. Inachekesha, lakini chini yake kuna swali la nani ana haki ya kukaa mezani. Mwaka ule aliolewa na mchezaji Mel Ferrer. Kisha zikafuata War and Peace ya 1956, na Funny Face ya 1957 ambamo ile dansi yake ya zamani ilipata nafasi mbele ya Fred Astaire. Wakati ule Otto Frank, baba wa Anne Frank, alimuomba acheze mtoto wake kwenye sinema. Audrey alikataa. Yeye na Anne walizaliwa mwaka mmoja, wakaishi vita nchi moja. Mmoja alikufa kambini, mmoja alibaki. Hakuweza kuvaa maumivu yale ili watu wamtazame.

Stanleyville, mwanzo wa 1958

Ndipo ikaja sinema inayotuhusu. Jina lake ni The Nun's Story. Kwa Kifaransa wanaijua kama Au risque de se perdre. Mkubwa wake alikuwa Fred Zinnemann, naye mtu ambaye wazazi wake waliuawa na Wanazi. Hadithi inatoka kwenye kitabu cha Kathryn Hulme cha 1956, na kitabu kinatoka kwenye maisha ya kweli ya Marie Louise Habets, sista Mbelgiji aliyefanya kazi ya unesi Kongo.

Mwanzo wa 1958 kundi lilifika Stanleyville. Ulikuwa mji wa wazungu katikati na wa watu weusi pembeni, mji ambako miaka michache mbele Patrice Lumumba alikuwa akifanya kazi ya posta. Uhuru ulikuwa umebakiza miaka 2 na kidogo. Sisi wa Masako, kwenye barabara ya zamani ya Buta, kilomita kama 14 tu, tulikuwa pori na vijiji, na hakuna kamera iliyogeuka upande wetu. Walifika mpaka Yakusu, misioni ya Wabatisti iliyo chini ya mto, ambako munganga Mwingereza Stanley Browne alikuwa anatunza wenye ukoma. Kisha kundi likaenda Roma kupiga sehemu za ndani ya nyumba ya watawa. Hapo Roma Audrey aliugua sana figo, kazi ikasimama kwa muda.

Tuliitazama jioni moja na wanachama wachache, kwenye kompyuta, na feni ndogo inayotumia batri ya jua. Hadithi ni hii. Gabrielle, binti wa munganga mpasuaji wa Ubelgiji, anaingia utawa, anapewa jina Sista Luka. Moyo wake wote unataka Kongo, kutunza wagonjwa. Anasoma magonjwa ya nchi za joto. Mkubwa mmoja wa watawa anamuomba ashindwe mtihani kwa kusudi, ili aonyeshe unyenyekevu. Hawezi. Anashinda, na wakubwa wanamtuma kwanza kwenye nyumba ya wenye akili iliyoharibika huko huko Ubelgiji. Baadaye anafika Kongo, na hapo tena anakatishwa: anawekwa hospitali ya wazungu. Watu weusi wana hospitali yao pembeni. Bamama waliotazama na sisi walicheka kidogo hapo, kicheko cha mtu anayejua. Ile ilikuwa kweli tupu ya Kongo ya Wabelgiji.

Anafanya kazi na munganga Fortunati, anayechezwa na Peter Finch, mtu mwenye ulimi mkali asiyeamini Mungu, ambaye anaona mbele ya wote kwamba sista huyu ni nesi mkubwa na mtawa anayepigana na nafsi yake. Anapata kifua kikuu, anapona. Anatembelea padri aliyebaki na wenye ukoma mpaka akaupata mwenyewe. Kisha anarudishwa Ubelgiji, na vita vinaanza. Watawa wanaagizwa wasichukie mtu, hata adui. Baba yake anauawa na Wajerumani alipokuwa anatunza watu wanaokimbia. Sista Luka anajua moyoni kwamba hawezi kusamehe, na kwamba kukaa ndani ya kanzu ile huku anachukia ni uongo. Anavua. Mlango unafunguka, anatoka peke yake kwenye barabara, na hakuna muziki. Ni kimya tu mpaka mwisho.

Kwa macho yetu, hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Uso umefungwa na kitambaa, mikono imefichwa ndani ya mikono ya kanzu, hana nguo nzuri wala utani wa kumsaidia. Anabaki na macho tu. Na tunajua sasa macho yale yaliona nini: Otto aliyepigwa risasi, Ian aliyechukuliwa, watu wa Arnhem wakipita na mizigo. Mtu aliyejifunza kwamba kusamehe si neno la kusema haraka haraka. Wale wanaotuletea mafundisho ya mapatano ya siku mbili wangefaa kuitazama.

Sinema ilitoka 1959, ikapendekezwa kwa Oscar 8, haikupata hata moja, juu ya mwaka ule Ben-Hur ilichukua karibu zote. Uingereza walimpa Audrey zawadi yao ya mchezaji bora.

Lakini tuseme na kingine. Wakongo wawili wanaosikika zaidi ndani ya sinema, Kalulu na Illunga, walichezwa na Orlando Martins wa Nigeria na Errol John wa Trinidad. Watu wa Stanleyville wako wengi kwenye picha: wanabeba, wanasubiri, wanaimba, wanaugua. Kwenye orodha ya majina hatukuwaona. Na kuna mtu mweusi anayemuua sista mmoja kwa sababu ya mambo ya mganga wa kienyeji, kana kwamba huku kwetu ndivyo watu wanafikiri. Sinema nzuri inaweza kuwa na upofu wake. Nyuso za babu zetu zilizunguka dunia bila majina. Mama yule aliyefunika uso na kitambaa hakuwa na kosa.

Sinema zingine za kutafuta

Anayetaka kumjua Audrey zaidi atafute hizi. Breakfast at Tiffany's ya 1961, ya Blake Edwards, ndiyo iliyobaki kwenye akili za watu, na ile nguo nyeusi. Chini ya nguo kuna msichana wa kijiji aliyebadili jina ili asahau alikotoka. Charade ya 1963, na Cary Grant, ni ya kuchekesha na ya kutisha pamoja. My Fair Lady ya 1964 ilipata Oscar 8, lakini Audrey hakupendekezwa hata kidogo. Sauti ya kuimba waliweka ya mwanamke mwingine, Marni Nixon, na jambo hilo lilimuuma. Two for the Road ya 1967 inaonyesha ndoa inavyochakaa, na Wait Until Dark, ya mwaka ule ule, ni ya mwanamke kipofu anayepigana na wezi ndani ya nyumba yake. Kwa hii alipendekezwa Oscar mara ya tano na ya mwisho.

Kisha akapunguza kazi. Alitaka kulea watoto wake wawili, Sean aliyezaliwa 1960 na Luca aliyezaliwa 1970 katika ndoa ya pili, na munganga Mwitalia Andrea Dotti. Ndoa zote mbili zilivunjika. Baba aliyemkimbia alimtafuta kwa njia ya Msalaba Mwekundu, akamkuta Dublin. Hakumkuta na upendo mwingi. Lakini alimtumia feza za kumtunza mpaka mzee alipokufa. Kule Msalaba Mwekundu ndiko nasi tulipeleka majina ya watoto wetu waliopotea njiani.

Kurudisha

Mwaka 1988, akiwa na miaka karibu 59, Audrey alikubali kuwa balozi wa UNICEF. Mshahara wake ulikuwa dola 1 kwa mwaka. Safari ya kwanza ilikuwa Ethiopia, mwaka ule ule, kwenye nyumba ya watoto yatima huko Mek'ele, watoto 500, wakati wa ukame na vita. Kisha Uturuki kwa kazi ya chanjo. Amerika ya Kusini na ya Kati. Sudani 1989, ambako chakula kilipaswa kupita katikati ya majeshi mawili. Bangladesh. Vietnam 1990, kwa chanjo na maji safi.

Alitumia ile kamera iliyomtajirisha. Alijua wazi kwamba waandishi wa habari wanamfuata yeye, si watoto, basi akawaongoza waende waliko watoto. Alisoma mafaili usiku mbele ya kila safari ili aseme vitu vya kweli, bei ya chanjo, kina cha kisima. Watu walioandamana naye wanasimulia kwamba aliketi chini na watoto, akawabeba, nzi na yote. Hakuhitaji kufundishwa mtoto wa njaa anahitaji nini.

Septemba 1992 alienda Somalia. Serikali ilikuwa imeanguka, na watu walikuwa wakifa kwa maelfu. Alifika Kismayo, akafika Baidoa, ambako kila asubuhi maiti za watoto zilikusanywa. Aliporudi Ulaya alizungumza na waandishi mji kwa mji, na sauti yake haikuwa tena ya nyota. Tayari tumbo lilikuwa linamuuma. Novemba walimpasua huko Los Angeles wakakuta kansa. Alifia nyumbani kwake Tolochenaz, Uswisi, tarehe 20 Januari 1993, na miaka 63. Miezi michache baadaye Hollywood ilimpa Oscar ya kazi ya utu, na mtoto wake Sean akaipokea.

Toka uji ule wa 1945 mpaka Baidoa ni miaka 47. Hakurudisha kwa wale waliompa. Aliwapa wengine. Njia ya msaada huenda hivyo mara nyingi, na ndiyo maana sisi tulioandika hapa hatukubali neno lile kwamba mwenye kupokea ni mpokeaji tu. Mtoto mwenye miguu iliyovimba kule Velp hakuna aliyejua atakuwa nani.

Na sisi je?

Mkutano umekubali mambo matatu, na tunayaandika hapa ili wanachama na marafiki wote wayajue. La kwanza: hakuna kupiga picha mstarini. Mgeni anayetaka picha atauliza mtu mwenyewe, mbali na beseni, na anayekataa anapata sehemu yake sawa na wengine. La pili: picha ikipigwa, jina la mtu na kazi yake vinaandikwa chini kama yeye mwenyewe anataka viandikwe. Marafiki wanaotusaidia, tafadhali msituombe picha za huzuni. Tutawatumia hesabu za mbegu, kilo kwa kilo. La tatu: kila aliyepokea mbegu, nyuma ya mavuno atarudisha kiasi anachoweza kwenye gunia la chama, hata kopo moja, kwa ajili ya wale watakaorudi mwaka unaokuja. Asiyeweza, asisumbuliwe.

Mama yule wa kitambaa tumemuomba ashike mizani siku ya kugawa. Bado hajajibu. Anasema anafikiri.

Jumamosi ya kwanza nyuma ya mkutano mkuu tutaonyesha The Nun's Story kwa wote, kama jua litajaza batri. Wazee mliokuwa Stanleyville au Yakusu mwaka ule, tunawaomba sana mje mkae mbele. Mkimuona mtu mnayemjua ndani ya picha, simamisheni kompyuta, mtuambie alikuwa mtoto wa nani. Tutakuwa na kalamu na kitabu.